Friji Lililonihamishia Joto Kitini

Ndugu Fundi wa Majokofu,

Kwa huzuni kubwa nakutangazia kwamba friji letu jeupe, lililotutumikia miaka kumi na mmoja, lilinyamaza Jumatatu saa nane mchana. Limeacha trei mbili za barafu, nazo hazikukawia kulifuata.

Kabla hatujaanua matanga, nina malalamiko.

1. Mwaka jana ulinieleza kwamba friji halitengenezi baridi. Linanyonya joto la vyakula na kulitupa nyuma. Friji letu liko sebuleni, na limekipa mgongo kiti changu. Ina maana miaka yote hii nimekuwa nikiota joto la supu ya juzi, na hakuna aliyenishauri nivue fulana.

2. Mwezi jana niliacha mlango wake wazi mchana kutwa, lipoze sebule nzima. Sebule ikawa tanuri. Mke wangu, mwalimu wa sayansi, alisema joto linalonyonywa hurudi lote sebuleni, na mota inaongeza lake juu. Ukarimu gani huo?

3. Uliniapia kwamba gesi huzunguka ndani ya mabomba tu: kwenye friza inafyonza joto, nyuma inalitema, inarudi tena. Yangu imeondoka bila kuaga. Sasa dawa ya kisukari ya mama mkwe, ile ya sindano, imelazwa kwenye friji la jirani, na mama wa watu anavuka barabara na mkongojo kila asubuhi kuifuata.

4. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, cheti chenye mhuri kwamba friji limekufa kifo cha kawaida, kwa uzee. Mke wangu anarudi kutoka semina Ijumaa, na vyeti huwa anaviheshimu.

Nisalimie mama watoto, watoto wenyewe, na yule bwana mnayegombania naye bisibisi hapo karakana.

Mteja wako mwaminifu,
Mwenye Kiti

Nyongeza: Cheti usiandike. Barafu ilikuwa imeota kwenye friza, nene kama godoro, pakiti ya nyama ikanasa, nami nikachokonoa kwa kisu. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi. “Baba, kisu hicho kitatoboa.” Nikamjibu, “Mama, mitambo niachie mimi.” Bomba likasema psss. Nikaziba kwa kidole, kisha kwa kipande cha sabuni, mpaka gesi ikaisha yote.

Mama hakunicheka. Alisema tu, “Binti yangu sitamwambia mimi. Utamwambia mwenyewe.”

Nitamwambia. Ila njoo na gesi kabla ya Ijumaa. Leo nilimsindikiza Mama kuvuka barabara, akanishika mkono kana kwamba mwenye kuhitaji mkongojo ni mimi.