Maganda Ishirini ya Mzee Orrin

Jumatatu, 21 Oktoba
Jumamosi msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa. Baba mkwe, mzee Orrin, kanikabidhi bunduki yake kuukuu na maganda ishirini ya risasi. Ishirini tu! Hayatengenezwi tena popote. Yamerefuka kwa kupigwa mara nyingi, lazima yapunguzwe midomo kabla sijayajaza baruti. Risasi zikiwa tayari, tunapanda mlimani pamoja. Zisipokuwa tayari, nafasi yangu anapewa jirani yangu, Delbert. Delbert! Miaka kumi na moja tangu nimwoe binti wa mzee, sijaitwa mlimani hata kubeba kahawa.

Delbert kachungulia juu ya ua, akataka kunipa kwa muda mashine yake ya kupunguzia maganda, ya kununua dukani. Nimekataa. Natengeneza yangu.

Jumanne, 22 Oktoba
Bomba, skrubu, drili. Safi kabisa! Limebaki jino la kukatia. Nimechagua la ncha mbili: ncha chache, matata machache. Limerarua ganda la kwanza. La pili vilevile. La tatu nililibana zaidi, likararuka pamoja na kidole changu. Mke wangu, Lorna, akinifunga kitambaa, kaniuliza kwa nini nisiende kwa Delbert. Nikamuuliza yuko upande wa nani. Kasema upande wa kidole.

Jumatano, 23 Oktoba
Jino la ncha sita. Limetetemeka, midomo imetoka na mawimbi. Maganda saba, kwisha! Delbert kapita, kaokota moja. Eti, jirani, siku hizi unapinda kingo za pai? Kisha kanishauri ncha nne. Basi ncha nne hazifai.

Alhamisi, 24 Oktoba
Nimenunua la ncha nne. Nilimwambia muuzaji ni la rafiki. Linakata kama siagi! Kumi yaliyobaki nimeyamaliza kwa mkupuo, huku naimba. Kisha nikapima. Yote mafupi mno! Skrubu ya kuzuia sikuikaza. Nyimbo hizo.

Ijumaa, 25 Oktoba
Nimekiri. Mzee Orrin kasema maganda hayo alikuwa nayo kabla Lorna hajazaliwa. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Jioni Delbert kabisha hodi. Maganda manane! Marehemu baba yake alikuwa na bunduki kama hiyo. Yamekatwa tayari, sawasawa. Mkwe ni wako, bwana, kasema, nenda naye. Nilitaka kulia. Nikamshika mkono kwa mikono miwili.

Nimeyapima, kwa usalama tu. Moja limezidi kwa unywele. Delbert huyo!

Jumamosi, 26 Oktoba
Nipo nyumbani. Gari la mzee limepita asubuhi, Delbert kiti cha mbele. Kanipungia.

Lile moja nililisawazisha vizuri mno, hadi yale saba yakaonekana marefu, nikayapunguza nayo, yakaharibika yote. Lorna kaficha drili. Hajui kwamba kosa nimelishika: ncha nne ni nyingi, mbili ni chache. Nimeshaagiza jino la ncha tatu. Sasa natafuta tu mtu mwenye maganda.