Mchango wa Sekta Binafsi

Redio ilipotangaza kwamba serikali na wafanyabiashara watashirikiana kukuza utalii wa hija mkoani Kagera, watu wengi Bukoba walisema amina. Protase wa Kitendaguro alikwenda kununua kizibao cha rifleta na futi kamba.

Kesho yake aliwasha pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, akaenda hadi Muleba kwa Immakulata, mjane ambaye kibanja chake cha migomba kinapakana na barabara wanayopita mahujaji kwa miguu. Akapima migomba, akapima banda la mbuzi, akampima na mbuzi mwenyewe.

"Mama, hapa panajengwa kituo cha mahujaji," alisema kwa sauti ya msibani. "Serikali itachukua eneo, na fidia utaisikia kwa majirani. Ila ukiniachia mimi leo, mimi ni sekta binafsi, hawanigusi. Nakupa laki tano."

Immakulata alimkaribisha kahawa ya kutafuna, akafuta machozi. "Waitu, mwanangu, hela zitaliwa na shemeji zangu. Niachie hiyo pikipiki."

Protase alimwonea huruma kidogo, ikapita. Ili mwenyekiti wa kijiji asinuse mauzo, aliandika hati mwenyewe: mama anachangia kibanja, Protase anachangia pikipiki, kwa hiari, kwa maendeleo ya hija, na hakuna atakayedai kurudishiwa mchango wake. Mwandiko ulikuwa mzuri, tumpe haki yake. Wakasaini, akaiacha pikipiki, akaenda kulala gesti akiota hoteli ya ghorofa tatu.

Asubuhi alirudi na vigingi vya mipaka, akawakuta wazee sita wa ukoo wamekaa uani.

"Kijana, baba yetu na babu yetu wamezikwa nyuma ya ile migomba," alisema Karugendo, shemeji wa Immakulata. "Hiki ni kibanja cha ukoo. Immakulata anakaa na kulima tu. Hana cha kuuza wala cha kuchangia, na analijua hilo tangu aolewe."

"Basi nipeni pikipiki yangu."

Karugendo akavaa miwani, akasoma hati hadi mwisho. "Umechangia kwa hiari, tunashukuru. Kama una lalamiko twende polisi, ukawaeleze na huo mradi wako."

Protase hakuwa na hamu ya polisi. Alishika njia ya Bukoba kwa miguu, roho inamuuma kama aliyefiwa. Njiani pikipiki yake ikampita ikipiga honi, ikiendeshwa na mpwa wa Immakulata, nyuma imepakia mahujaji wawili waliochoka kutembea. Hapo machozi yakamtoka kweli.

Bibi mmoja kwenye msafara wa mahujaji akayaona, akadhani ni ibada, akampa maji.

"Mwanangu, wewe unakwenda kuomba nini?"

"Pikipiki," alisema Protase.