Habari za Felista na Mkuki Uliotaka Kwenda Manyara

Sogeeni, enyi mliolima na mliovuna, wake kwa waume wa nyanda za Singida. Aliyeshika jembe na aliweke chini, anayesonga ugali na auepue kwanza, maana habari hii haikubali kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine watawasimulia vita vya majemadari waliovuka mito na kubomoa ngome. Mimi nitawasimulia habari za Felista binti Leonidas, mwenyekiti wa kamati ya safari katika kijiji chetu cha ujamaa karibu na Ihanja, na jinsi alivyopigana mchana kutwa, akiwa ameketi kwenye dawati la mtoto wa darasa la kwanza, magoti yamemfika kidevuni, hata akaushinda mkuki pasipo kuugusa.

Ilikuwa katika miaka ile ya kuhamia vijijini, nyumba zetu zingali zinanuka udongo mbichi, na jirani bado anajifunza kukohoa kwa jirani yake. Mwaka huo shamba letu la alizeti lilistawi hata nyuki wa kijiji jirani cha Mkiwa wakahamia kwetu bila kuandikishwa. Wilaya ikapendezwa, ikatutunukia lori la kutupeleka Hifadhi ya Manyara tukawatazame wanyama wa taifa letu, ambao hadi siku hiyo tulikuwa tukiwatazama wakati wa kuwafukuza tu.

Felista alilipokea jambo hilo kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Alipokuwa binti mdogo, baada ya mvua ya masika, aliukuta unyayo wa tembo pembeni mwa shamba la mtama la baba yake, umejaa maji, na ndama akinywa humo kama kwenye beseni. Tangu siku ile, katika kuolewa na kuzaa, katika palizi na mavuno, hakuacha kutamani kumwona mwenye unyayo. Kwa hiyo alipochaguliwa kuongoza kamati, alipanga safari kama wapangavyo majeshi: nani atapika mikate ya mtama, nani atabeba madebe ya maji, kina mama wanyonyeshao watakaa wapi ili vumbi lisiwafikie. Kila jambo alilipanga, isipokuwa moja, na hilo moja lilikuwa limeegemezwa ukutani, kando ya ubao wa darasa tulimofanyia mkutano wa kijiji.

Huo ulikuwa mkuki wa Mzee Mughwai. Nao ulikuwa mkuki kweli. Katika ujana wake Mzee Mughwai alimkabili simba aliyekuwa akimaliza ndama wa ukoo mzima, akasimama mbele yake wenzake wakiwa wangali wanashauriana, na simba yule hakurudi porini. Tangu hapo mzee hakutoka nyumbani bila mkuki, aende mnadani, aende msibani, au aje kwenye mkutano wa kijiji kama siku hiyo.

Ndipo akasimama Bwana Isaka, afisa maendeleo aliyetumwa kutoka wilayani, mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi hata mikunjo yake ikawa makali. Alimwinamia mzee kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Wananchi," akanena Bwana Isaka, "hifadhini haiingii silaha. Hauingii mkuki, hauingii upinde, hata rungu haliingii. Tena lori haliendi nusu tupu. Wataenda wazee na vijana pamoja. Mkishindwa kuafikiana leo kabla sijaondoka, nitapitia Mkiwa, na watu wa Mkiwa watapanda."

Jina la Mkiwa likatambaa darasani kama moshi wa kuni mbichi. Macho yote yakaenda ukutani, kisha yakaenda kwa mwenye mkuki.

Mzee Mughwai akainuka taratibu. "Mimi na simba tunajuana," akasema. "Hatujaonana siku nyingi, lakini tunajuana. Leo mnataka niende kwake mikono mitupu, nikae juu ya gari, nimtazame kama mtoto anayetazama harusi. Simba akiniona hivyo atasema nini? Atawaambia wenzake, yule Mughwai amekwisha. Siendi."

Akaketi. Na wazee wote wa safu ile, walioanza kutikisa vichwa tangu aliposema "tunajuana," wakaketi pamoja naye ingawa hawakuwa wamesimama. Hapo kila mtu akafahamu: asipokwenda Mughwai, wazee hawaendi, na wazee wasipokwenda, lori lile litapandwa na watu wa Mkiwa, na sisi tutaliona vumbi lake tu.

Wa kwanza kuingia vitani alikuwa Damiani, katibu wa kijiji, mjuzi wa kanuni. Akajinyoosha, akaeleza kwa sauti ya mkutano mkuu kwamba sheria ya hifadhi ni ya serikali, na serikali ni sisi wenyewe, kwa hiyo mzee akiikataa sheria hiyo anajikataa mwenyewe.

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. "Nimeelewa," akasema. "Na simba naye amesomewa hiyo sheria?"

Damiani akaketi. Ndivyo alivyoanguka wa kwanza.

Akafuata katekista Antipasi, mtu mpole, mwenye sauti iliyozoea kuamsha waliosinzia. Akamkumbusha mzee habari za Danieli, aliyeingia katika tundu la simba bila mkuki wala fimbo, na simba wasimguse.

"Danieli alitupwa," akajibu Mzee Mughwai. "Hakuulizwa. Mimi naulizwa, na jibu langu ni lile lile."

Hata Waislamu wa safu ya nyuma wakatikisa vichwa wakakiri kwamba hoja hiyo ni nzito. Antipasi akarudi mahali pake. Bwana Isaka akaanza kulitazama jua dirishani, na kuikunjakunja kofia yake mikononi.

Hapo ndipo Felista, ngome ya kina mama, mpangaji wa mikate na madebe, alipojinasua kutoka katika dawati lile dogo, akasimama. Hakumtazama mzee. Alimgeukia afisa.

"Bwana Isaka, leo uko huku kwetu. Ofisini kwako kuna nani?"

"Yupo kaimu wangu," akasema Bwana Isaka.

"Na mkubwa wako akisafiri?"

"Anaacha kaimu. Hawezi kuondoka ofisi ikabaki hivi hivi."

"Ahsante," akasema Felista. Kisha akapiga goti kidogo mbele ya mzee, kama impasavyo binti. "Baba, sote tunakwenda Manyara kumtazama simba mmoja au wawili. Lakini fisi wa hapa hawaendi Manyara. Siku hiyo watasikia kijiji kimya, mashujaa wote wamepanda lori. Mimi sioni ajabu mkuki huu kukatazwa hifadhini. Naona ajabu tulitaka kuuondoa hapa. Kiongozi haondoki bila kuacha kaimu. Uache mkuki uwe kaimu wako."

Neno lile "kaimu" lilikuwa geni masikioni mwa wazee, lakini lilikuwa na harufu ya serikali na ya heshima, na mzee akaligeuza kinywani kama mtu anayeonja chumvi.

"Kaimu," akasema. "Kaimu wangu."

"Kwa idhini ya mkutano huu," akasema Felista.

Mzee Mughwai akainua kidole. "Neno lako ni zuri, mwanangu. Lakini mkuki hauna mikono. Kaimu lazima ashikwe na mtu ninayemwamini. Na hapa ndani, aliyesema neno la akili ni mmoja. Wewe utabaki, uushike."

Enyi wasikilizaji, mishale mingine hutoka kwa adui, na mingine hutoka kwa mtu aliyekwisha kukusifu. Felista akabaki amepiga goti. Watu wote wakamtazama, na katika macho yao aliona kwamba wanamhurumia, na kwamba wanatamani akubali. Neno moja tu lingetosha: ndiyo, baba. Lori lingekuja, wazee wangepanda, Mkiwa wangeshindwa, na yeye angebaki hapa na chuma ukutani, akisikia kwa watu jinsi tembo alivyo. Akafungua kinywa, na mimi niliyekuwa karibu naye nawaambieni kwamba alikuwa anakwenda kukubali.

"Mwacheni huyo aende," ikasema sauti toka mlangoni.

Alikuwa Marietha, mke wa Mzee Mughwai, aliyekuwa ameketi kizingitini akichambua mbegu muda wote huo kana kwamba mkutano ni wa watu wengine. "Mimi siendi Manyara. Lori hunitapisha, hata likiwa limesimama. Mkuki nitaushika mimi."

"Wewe?" akauliza mzee. "Mkuki huu ni mzito, mke wangu."

"Uzito wake naujua," akasema Marietha. "Kila ukilala mchana, ndio ninaoteremshia vibuyu darini."

Naam, hapo vita viligeuka. Kicheko kikapanda katika matumbo ya watu, kikafika kooni, kikazuiwa hapo kwa mikono, kwa kanga na kwa kofia. Dawati moja likalia kwa sababu ya mtu aliyetetemeka juu yake. Kama kingetoka, mzee angechukua mkuki wake akaenda zake, na mambo yangeishia hapo.

"Tangu lini?" akauliza Mzee Mughwai kwa sauti ndogo.

"Tangu tulipompata Alute."

Alute mwenyewe, mwana wao, sasa mwanaume mwenye ndevu na watoto, akainamisha uso.

Felista akadaka neno kabla halijaanguka chini. "Basi, baba, tumshukuru Mungu. Makaimu wengine huanza kufundishwa kazi siku ile ile ya kuachiwa. Wako ameizoea miaka yote hii, na mkuki haujapata hata kutu."

Mzee akamtazama mkewe. Akautazama mkuki. Wengi husema wakati ule uso wake ulikuwa wa hasira, lakini mimi niliona pembe ya mdomo wake ikitikisika. Akainuka, akautwaa mkuki ukutani, akaenda nao mpaka kizingitini, akamkabidhi Marietha kwa mikono miwili.

"Kaimu," akasema.

"Haya," akasema Marietha, akaulaza juu ya mapaja, akaendelea kuchambua mbegu.

Bwana Isaka akaita kura. Mikono ikainuka, ya vijana na ya wazee, ya walioelewa na ya walioona wenzao wameinua. Kina mama wakapiga vigelegele, na inasemekana vilisikika njia nzima ya Mkiwa, ingawa huo huenda ukawa ni uongo wetu tu. Afisa akavaa kofia yake, akaondoka akiwa ametuahidi lori.

Watu walipokwisha kutawanyika, Felista alikuwa akipanga madawati, na Mzee Mughwai akarudi peke yake. Mikono yake ilikuwa haijui pa kukaa; aliiweka nyuma, akaileta mbele.

"Mwanangu," akasema, "Bwana Isaka ameniambia simba wa Manyara hupanda miti. Ni kweli?"

"Nimesikia hivyo, baba."

"Basi yeye atakuwa juu ya mti, na mimi juu ya lori. Hapo nani atamwamkia mwenzake?"

Felista akaliweka dawati chini, akalifikiria jambo hilo kwa uzito uliolistahili. "Mdogo humwamkia mkubwa, baba."

Mzee akatikisa kichwa, akaridhika. "Basi nitamngoja aanze," akasema, akaenda zake.

Hivyo ndivyo ilivyopangwa safari ya Manyara. Nanyi mtakaowasimulia wana wenu habari za nchi hii, za bendera iliyopandishwa na vijiji vilivyojengwa, msiache kuitaja siku ile ambayo mwanamke wa Ihanja aliondoa kikwazo kilichowashinda katibu na katekista, wala asimwaibishe mtu yeyote, na lori likaja likapakia wote, na mwenye kungoja salamu za simba akapewa kiti cha mbele.