Adhabu ya Dereva Mlevi

Siku hakimu alipovuka ziwa kukimbilia Kigoma, kila mfanyakazi wa tribinali, mahakama yetu ya Baraka, alijilipa alivyoweza. Mmoja alibeba viti, mwingine mabati. Fabien, aliyekuwa mfagiaji, alichukua kashe, ule muhuri wa mpira wa kugongea hukumu, na tangu siku hiyo akajiita Karani Mkuu wa Sheria. Hakuna aliyembishia. Vita vilikuwa vimetuletea makamanda watatu kwa mwaka mmoja, sasa karani mmoja wa bandia angemshtua nani?

Asubuhi moja alikuwa amekaa kwa Mama Rosette, muuza lotoko, ile gongo ya kwetu, alipoona kamionete ya Papa Casimir, gari lake dogo la mizigo, ikija ikiyumba. Ilipita juu ya mihogo ya watu iliyoanikwa kando ya barabara, ikajibwaga kwenye ukuta wa kanisa. Casimir akashuka akiimba. Shati lake lilinuka lotoko kutoka ng'ambo ya barabara.

Moyo wa Fabien ulidunda kwa furaha. Mji mzima ulikuwa umebaki na kamionete hiyo moja, na kule Mboko alikuwapo mchuuzi mwenye kiu ya gari na asiye na tabia ya kuuliza maswali. Akatoa karatasi, akatia kalamu sikioni, akakunja uso kama marehemu sheria mwenyewe.

"Papa Casimir, we iko mulevi kwenye usukani."

"Mi siko mulevi, Mukubwa. Niko na furaha tu."

"Furaha iko na article yake. Mulevi akishikwa na gari, ni miezi tatu ya kazi ya lazima, bila mushahara, bila kukata rufaa. Na permis tunakamata: hapana kuendesha miaka mbili."

Casimir akashika kichwa. "Miezi tatu! Na batoto yangu?"

"Ao," Fabien akalainisha sauti, "utoe gari kwa tribinali. Tribinali inasamehe ile kazi."

Fabien alitegemea machozi, magoti, labda mke kuja mbio na kuku. Lakini Casimir alifikiri kidogo tu, akasema sawa. Alichotaka ni karatasi iliyonyooka: iandike sheria yote, iandike kwamba yeye Casimir haruhusiwi kuendesha miaka miwili, na iandike jina la dereva mpya.

"Kesho batu basiseme niliuza gari ya familia," alieleza.

Fabien aliandika yote kwa raha, hata jina lake mwenyewe kama dereva mpya, maana alipenda sana maneno mazito. Akaweka saini yenye mikia mitatu, akagonga kashe mara mbili. Casimir akakunja karatasi, akaitia mfukoni, kisha akaagiza kikombe. Kwetu kitu hakibadili mmiliki bila watu kunywa pamoja, na Karani Mkuu hakuwa mtu wa kudharau mila. Casimir alilowanisha midomo. Fabien akamaliza kilichobaki, na cha pili, na cha tatu.

"Nikusindikize mupaka bariyeri," Casimir akasema. "Niage gari yangu."

Fabien alishika usukani, Casimir akakaa pembeni yake. Kwenye bariyeri, kizuizi cha njia ya Mboko, askari walikuwa wanangoja. Kamanda wao aliangalia saa yake.

"Papa Casimir, tulikuambia juzi: gari leo, pamoja na dereva wake. Masasi ya bunduki inatakiwa kufika Kilembwe."

Hapo Fabien akazima gari. Madereva wawili walikwishapelekwa Kilembwe, kule milimani kwenye mapigano. Mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa amewaona tena.

Casimir alishuka akasimama wima, ulimi umenyooka kama wa katekista. Lotoko yote ilikuwa shatini.

"Gari ni hii, Chef. Lakini mi sheria inanikataza. Dereva ameandikwa hapa."

Gari lenyewe alikuwa amekwisha kulililia juzi. Kilichokuwa kimebaki kuokoa ni roho yake.

Fabien alitafuta mlango wa kutokea kichwani mwake, akaupata. Alifurahi mpaka karibu acheke.

"Chef, mi siwezi kuendesha! Nimelewa! Nuse kinywa!"

Kamanda akanusa. Kisha akafungua karatasi na kuisoma taratibu, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari.

"Mulevi akishikwa na gari... miezi tatu ya kazi ya lazima... bila mushahara... bila kukata rufaa. Kashe iko." Akainua macho. "Saini hii ni ya nani?"

Fabien aliangalia ziwa. Askari wawili walikuwa wameanza kupakia masanduku nyuma.

"Ni yangu, Chef," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi unajua sheria kupita sisi. Washa. Bonde ya kwanza njiani itakuondolea pombe."

Casimir akasogea dirishani, akanyoosha mkono kwa heshima zote.

"Mukubwa, ile kashe uniachie. Huko juu hautakuwa na bureau."

Fabien akaitoa mfukoni na kumpa. Siku ya soko iliyofuata, kwa Mama Rosette, alionekana karani mpya, kalamu sikioni, akiwatazama wenye baiskeli.