Kikapu Changu cha Bei Chee

Jumatatu, 9 Juni
Ofisini Mwenge. Bosi wetu, Dokta Apolonia, katangaza: kati yangu na Tusajigwe, mwenye modeli bora ya gharama za chakula cha taifa ndiye atakayeiwasilisha Dodoma. Modeli inapanga kikapu cha familia cha siku, lishe itimie, kisha inajumlisha gharama zote, kuanzia shambani hadi mezani. Kikapu cha Tusajigwe ni wali na dagaa. Kasifiwa mbele ya watu. Nimepiga makofi huku roho ikiniuma. Mgeni huyu! Mimi ndiye niliyemwonyesha kompyuta inapowashiwa.

Jumanne, 10 Juni
Nimeweka makande: mahindi na maharage makavu. Bado kikapu chake ni rahisi kuliko changu. Nimepekua gharama moja moja kutafuta inayonikwamisha. Mkaa! Makande yanakula mkaa balaa. Nimeufuta. Maji ya kupikia nayo nimeyafuta, maadam mkono ulishaingia. Bei imeporomoka mpaka nikaona aibu kidogo. Imepita.

Jumatano, 11 Juni
Dokta kasema hajawahi kuona kikapu cha bei chee namna hii. Tusajigwe kaniuliza nimewezaje. Nimemjibu ni uzoefu. Demetria, mke wangu, kanipigia pasi suti ya Dodoma.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa. Kesho wanakuja wageni, na Dokta anataka waonje vikapu vyote viwili. Kila mmoja wetu atapewa vile tu vilivyomo kwenye modeli yake. Nimesema mie kupika si fani yangu. Akasema sawa, ila kikapu ni changu.

Ijumaa, 13 Juni
Tusajigwe kapewa mchele, dagaa, mafuta, maji, mkaa. Mimi nimepewa mahindi, maharage na chumvi. Mzee Abdulrahman, mkubwa wa wageni, akatia punje mdomoni kwa adabu, akaitema kwenye leso, akauliza familia ya modeli yangu ina meno ya aina gani. Wamecheka wote isipokuwa Tusajigwe. Yeye kanipakulia wali. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Dodoma anakwenda yeye.

Jumamosi, 14 Juni
Nyumbani Boko. Nimelitafakari kosa langu. Demetria kasema nikubali tu kwamba chakula kinataka moto. Hajui uchumi. Kosa lilikuwa makande! Nimeanza modeli mpya: ndizi mbivu, karanga, matango. Havipikwi kabisa. Nikifuta na nauli ya kuvitoa shambani, Tusajigwe atanikoma.