Vita vya Makwapa ya Jotham katika Gari la Kerubo

Gari lilikwisha kung'oka Inver Grove Heights, jimboni Minnesota, enyi mliojaliwa masikio na pua, madirisha yote manne wazi, nayo ni Januari, baridi ya kugandisha kope! Sogeeni basi niwasimulie kwa nini watu wanne wenye akili zao walisafiri hivyo, maana mimi nilikaa kiti cha mbele, na sikio langu la kulia halijasahau.

Aliyeshika usukani ni Kerubo binti Onchari, Malkia wa Barabara ya 494, aliyetubeba kila asubuhi hadi Bloomington, kwenye nyumba ya wazee tunakotunza wagonjwa. Nyuma alikaa Philister, nesi mwenye elimu yake. Na ubavuni pake Jotham, Simba wa Kuinua Wagonjwa, shujaa asiye na gari, ambaye kwapani mwake mlikuwa mkitoka kitu. Niseme nini? Kitunguu kilichosahauliwa ndani ya buti la mvua, hapo umekaribia.

"Jotham," akanena Kerubo, meno yakigongana, "nimekuvumilia tangu Krismasi kama ndugu. Sasa shika neno langu. Jumatatu nafunga madirisha haya. Nikisikia hata kaharufu, unashuka hapo hapo, kazini utajua utakavyofika."

Ole wake! Maili zaidi ya kumi za theluji, na msimamizi alikuwa ameapa kwamba Jotham akichelewa mara moja tena, asirudi.

"Haki ya Mungu mimi naoga!" akalia shujaa. "Na jasho litoke wapi kwa baridi hii?"

"Hiyo fulana ya ndani uliifua lini?" akauliza Philister.

Jotham akafungua zipu ya jaketi, akaichungulia.

"Ni ya baridi," akajibu polepole. "Nilijua inafuliwa msimu ukiisha."

Msimcheke sana. Wengi wetu tuliotoka kwenye jua tulidhani jasho tumeliacha nyumbani. Kumbe mtu anavaa nguo tatu, anaingia nyumba iliyopashwa moto kama tanuri, anainua wazee kutwa nzima.

Ndipo Philister akahutubia: "Jasho lenyewe halinuki, ndugu yangu. Kwapani mwako limekaa taifa la bakteria. Wao hulila hilo jasho, na mabaki ya karamu yao ndiyo yanayotufungulia madirisha. Ukijipulizia manukato juu yao, unawapamba tu maadui. Wapunguze, uwanyime maji, na fulana hiyo ya nailoni ndiyo ngome yao."

Jumamosi, kama alivyonisimulia mwenyewe, Jotham aliingia bafuni kwa vita. Akaunyoa msitu uliowaficha. Akapaka sabuni ya chunusi aliyoagizwa na Philister, ile yenye dawa ya kuua vijidudu, akasimama dakika mbili mikono juu kama aliyejisalimisha, kumbe ndiye anayeshinda. Akasuuza, akajifuta kwa taulo jeupe, kwa kuwa dawa ile hula rangi. Taulo la samawati lilikwisha kufa shahidi Ijumaa, alipoijaribu mara ya kwanza. Jioni, ngozi ikiwa kavu kabisa, akapaka dawa ya kuzuia jasho, na milango ya maji ikafungwa. Jumapili akarudia. Fulana akaitupa, akanunua mbili za pamba.

Jumatatu ikafika. Kabla ya kuingia barabara kuu, taa nyekundu ikatusimamisha. Kerubo akafunga dirisha la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Akafungulia joto hadi mwisho. Hakuna aliyepumua.

"Mzee, wasikia nini?" akaniuliza.

"Sabuni," nikasema.

"Wewe mzee una mafua. Jotham, vua jaketi! Inua mkono!"

Akauinua. Malkia akageuka, akanyoosha shingo, akanusa kwa muda mrefu, kama askari wa forodha. Taa ikawa kijani. Magari yakapiga honi nyuma yetu.

"Kaa," akasema.

Philister akapiga vigelegele. Na iandikwe kwamba siku ile madirisha manne yalifungwa, nayo hayakufunguliwa hata tulipovuka Mto Minnesota, na Jotham akafika kazini dakika nne kabla ya zamu kuanza.

Baadaye Philister alihamia Woodbury. Kerubo anasomea unesi. Mimi niko Saint Paul, kwa sasa. Jotham bado anainua wazee. Bakteria hawakuisha, wamepungua tu, na hupigwa vita kila asubuhi.