Asiyeonekana Hafukuzwi

Jumatatu, 5 Januari 2026. Walthamstow, London.
Ijumaa jioni mkataba wangu unapata dhamana. Nikiwa bado kikosini, klabu itanilipa mpaka msimu uishe, nicheze nisicheze. Kabla ya hapo wanaweza kunitupa kama ganda la ndizi. Na kocha kasema tumezidi mmoja. Ama mimi ama Tevin. Tevin! Hazuii mtu hata anayetembea. Akirusha mpira, watazamaji wa mbele wanainama. Lakini mkataba wake una dhamana tangu siku ya kwanza, wakimfukuza watamlipa vilevile. Kunifukuza mimi ni bure. Hiyo ndiyo akili ya mpira wa kikapu hapa.

Jumanne, 6 Januari. Kingsbury.
Dawa nimeipata. Asiyeonekana hafukuzwi. Nimezima simu na kuhamia kwa shangazi, Bi Mwanamwema. Namba yake ndiyo niliyoiacha klabuni kama ndugu wa kuarifiwa, kwa hiyo nimemfunza: wakipiga, aseme nimekwenda Pemba kuzika. Akasema msiba hautaniwi. Akauliza kafa nani. Nikasema Babu Shaame. Akasema Babu Shaame alikufa mimi sijazaliwa. Nikamwambia basi, hata si uongo.

Jumatano, 7 Januari.
Jaspal, meneja wetu, amepiga mchana. Mzaliwa wa Nairobi, Kiswahili anakijua, shangazi hakuwa na pa kukimbilia. Akasema ananitaka haraka sana. Najua haraka hiyo. Shangazi akamwambia niko Pemba, nazika. Jaspal akatoa pole, akakata simu. Bwege. Tatizo dogo tu: jirani, Bi Zahra, alikuwa amekaa palepale anakunywa chai.

Alhamisi, 8 Januari.
Wanawake wa Kingsbury wamekuja kuhani. Nimejifungia chumba cha juu tangu adhuhuri, kwenye kitanda cha mtoto, miguu nje kuanzia magotini. Chini wanasoma Yasini, wanamrehemu Babu Shaame, wananisifu kwa kuacha kazi nikazike. Harufu ya pilau inapanda ngazi, pilau yenyewe haipandi. Si kitu. Kesho mimi ni mtu mwenye dhamana, na Tevin atanitambua.

Ijumaa, 9 Januari.
Jioni imepita. Nimewasha simu.

Kumbe Tevin alivunjika kifundo cha mguu Jumatano asubuhi, mazoezini. Alikanyaga mpira, bila shaka. Majeruhi hahesabiwi kikosini, kwa hiyo hapakuwa na wa kufukuzwa tena. Jaspal alikuwa ananiita nicheze jana, na dhamana nipewe hapohapo. Wamekosa mtu, wamemchukua Njoroge, ambaye hana timu tangu kiangazi na ana magoti ya babu. Kapewa nafasi yangu na dhamana yangu. Mimi nimeachwa kwa barua pepe, na mwisho wake wameandika pole kwa msiba.

Tevin analipwa akiwa amelala. Nimelia, sitaficha. Shangazi akaniletea pilau ya matanga, imeshapoa.

Jumapili, 25 Januari. Ilford.
Klabu ya hapa imenichukua. Dhamana mwisho wa Februari. Nimekaa nikatafakari kosa langu, na nimeliona: lilikuwa msiba. Msiba unaleta watu. Wakati huo Ramadhani itakuwa imeingia, shangazi atasema nimekwenda Umra. Nani atamsumbua mtu aliye Makka?

Na safari hii sijifichi kwa shangazi. Nimeshaomba chumba kwa Bi Zahra. Ameapa hatamwambia mtu.